Mkanda wa Kumtuliza Askari

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, maana mbele hamtacheka. Mimi niliishia darasa la tatu, uongo wa kupamba siuwezi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu yupo hai, muulizeni.

Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara, nilikuwa na banda langu la kuuzia mbao hapa Njombe, mtaa wa Ramadhani, nimelijenga kwa mikono hii. Mlinzi wangu alikuwa mbwa, Askari, niliyemtoa Mawengi akiwa mdogo. Mbwa mkali. Ghafla akaanza kutetemeka. Kila jua likikaribia kuzama anautazama mrundo wa mbao wa nyuma, analia kama mtoto, chakula hagusi. Wateja wakawa wananitania, mlinzi gani huyu anajificha nyuma ya bosi wake? Mke wangu akasema mbwa anaona kitu. Nikamwambia aniache.

Nikapanda lori hadi Makambako, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji, mtu mzima mwenye kofia na adabu zake, akanipangia mezani vidonge vya kusinzisha, dawa ya maji ya kuchanganya kwenye uji, poda ya kunyunyiza anapolala. Akasema hawezi kunichagulia mpaka ajue mbwa anaogopa nini. Radi? Magari? Mtu? Nikamjibu nimekuja kununua dawa, sikuja kuhojiwa. Nikatoka bila kitu. Kiburi, ndiyo, sikatai.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka, mchana ule ule. Mwanamke mwenye kabuti refu la mtumba alikuwa amesimama karibu na lori. Nikamwamkia, "Kamwene." Hakuitikia. Huku kwetu nani haitikii salamu? Hapo ndipo ilinipasa niondoke. Akaninyooshea mkanda wa ngozi, wa shingoni, umelowa, unanuka udongo.

"Mvalishe Askari."

Niaminini, jina la mbwa sikuwa nimemtajia mtu yeyote Makambako.

"Atatulia?"

"Atatulia. Ila hofu yake lazima ikae mahali. Niipeleke wapi?"

Nikacheka. Mimi nimelala porini nikipasua mbao peke yangu, nimefukuza wezi kwa panga. Nikamwambia, "Niletee mimi. Mimi siogopi kitu."

Akanitazama kama mteja anavyotazama ubao aliokwisha kuuchagua. Ukungu ukapita kati yetu, nikabaki naangalia barabara tupu.

Jioni ile nilimvalisha Askari. Akatulia palepale. Akala, akatikisa mkia, akaenda mwenyewe hadi kwenye ule mrundo, akajilaza kama amefika nyumbani. Nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, lakini hakumtazama mbwa. Alitazama mikono yangu.

"Baba Tumaini, mbona unatetemeka?"

Kwa sababu nilikuwa nimemwona. Katikati ya mbao, kabuti lile lile, amemwekea Askari mkono kichwani.

Asubuhi mkanda ulikuwa pale chini, umefungwa vilevile, shingo haimo. Askari hakuonekana tena. Banda nikaliuza, nikahama mtaa. Haikusaidia. Mpaka leo, mimi niliyejijenga mwenyewe, jua likikaribia kuzama nageuza kiti nikatazama ukuta, na chakula sigusi. Na mlango wa mbao siufungui mpaka kuche.

Wewe mwenye mbwa anayetetemeka, mnunulie dawa uipendayo. Lakini kwanza kaa naye chini, utazame anakotazama. Na mtu akikuuliza hofu ya mbwa wako aipeleke wapi, usimjibu.