Nyasi Nilizomwachia

Nilipoolewa Voi, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuta nyua zote za nyumba za reli zimefagiwa mpaka udongo unang'aa. Nyasi karibu na mlango zilikuwa aibu ya mwanamke mvivu, tena maficho ya nyoka. Mimi nikazipanda makusudi. Nilikuwa nimetoka Werugha, juu milimani, kwenye ukungu na kijani kila upande, na ule udongo mwekundu mtupu ulinichosha roho.

Nilichimba mashina kando ya njia ya Mwatate, ya nyasi zenye mashuke marefu ya zambarau, laini kama mkia wa paka. Niliyapanga mstari mmoja chini ya dirisha, nikawa nayamwagilia maji niliyosuuzia vyombo. Upepo wa alasiri ulipovuma, nyasi zote zililala upande mmoja, kisha zikainuka. Majirani walisema nafuga nyoka. Mume wangu, karani wa mizigo pale stesheni, aliwajibu mbele yangu, "Mwacheni mke wangu na bustani yake." Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Mimba ilipofika miezi minane nilipanda Werugha kwa mama, kwa njia hiyo ya Mwatate, kujifungua. Nilimwachia mume wangu kazi moja tu, azimwagilie nyasi zangu.

Barua zake zilikuja kila wiki. Aliandika kwamba mashuke mapya yametoka, kwamba shina la mwisho, lile la karibu na ngazi, limewapita wenzake, kwamba jioni hukaa dirishani akizitazama na kunikumbuka. Mama hakujua kusoma, hivyo nilimsomea huku nikimfasiria kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyasi zisizoliwa na ng'ombe! Na mwanamume mzima anazinywesha maji?" Nilimjibu kwa majivuno kwamba mume wangu si kama wanaume wa huku.

Mtoto alipotimiza miezi miwili nikarudi Voi. Ua lilikuwa limefagiwa, alama za ufagio zinaonekana, hakuna hata unyasi mmoja. Nilidhani ni mbuzi. Mama wa nyumba ya pili alinitazama kwa huruma iliyoniudhi kuliko kicheko.

"Kwani hakukwambia? Alizing'oa mwenyewe. Nafikiri hata Mwatate ulikuwa hujafika. Huko kazini walikuwa wanamwita Baba Nyasi."

Nikazitoa barua kapuni, nikazisoma upya nimesimama pale uani. Shina la karibu na ngazi. Mashuke mapya. Angeniandikia kwamba amechekwa na ameshindwa kuvumilia, ningenuna siku mbili, kisha ningepanda nyingine. Lakini yeye alikaa na kalamu yake wiki baada ya wiki, akinitungia nyasi, nami nikimtambia mama. Hasira ilinipanda.

Aliporudi kutoka kazini nilimwuliza kwa nini alinidanganya.

"Nilitaka ufurahi," akasema. "Si ulifurahi?"

Nilizikunja barua nikazirudisha kapuni. Akampokea mtoto, mara yake ya kwanza kumshika, akaanza kumwambia jinsi alivyokuwa akimngoja, jinsi usingizi ulivyokuwa haumjii kwa kumwaza. Aliyasema vizuri sana, na machozi yakamlengalenga. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Nilitaka kumwamini, nikashindwa.