Nilisema Tema

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mpima makohozi katika kituo cha afya kule Serengeti. Umeme hatukuwa nao. Hadubini yangu ilikuwa na kioo cha kukamata jua la dirishani, na wingu likipita, kazi inasimama huku foleni inanung'unika.

Siku hiyo wingu lilikuwa linakuja. Akaingia bibi mmoja wa Ringwani, amekonda, anakohoa. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kikopo. "Bibi, tema humu." Akatema taratibu, ananitazama kwa upendo. Aliyotema yalikuwa mepesi kama maji. Niliyaona! Lakini nilikuwa na haraka zangu. Nikapima, nikaandika kwenye karatasi: hakuna vijidudu vya kifua kikuu. Akaondoka ananishukuru.

Wiki mbili baadaye mzee mwingine akatema vilevile. Nikamfokea, "Mzee, haya si mate matupu?"

Akashangaa. "Si umesema tema? Nimekubariki, mwanangu."

Loo! Mimi Mkurya mzima, niliyetemewa mate ya baraka na babu zangu tangu utoto, nilikuwa nimesahau neno moja: kohoa. Ukohoe kwanza, makohozi yatoke chini kifuani, ndipo uteme. Yule bibi!

Nikaazima baiskeli ya mganga wa kituo, nikaitia mbio hadi Ringwani. Njia nzima najitukana. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mstari, zote sura moja, na majirani hawajazoeana bado. Nikapita mlango kwa mlango nikimuulizia bibi anayekohoa, roho mkononi.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu hivi, amelala mapajani pake.

"Bibi, nilikosea," nikasema. "Lazima nikupime tena."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa kiganja hichohicho akampangusa mtoto kamasi.

"Wewe unikosee nini, mwanangu? Huyu nilikuwa nimemtenga tangu nianze kuumwa. Alikuwa analala kwa jirani, analia mpaka anapitiwa na usingizi. Karatasi yako ndiyo iliyomrudisha. Sasa tunalala naye kwenye ngozi moja ya ng'ombe."

Nikatoa kikopo mfukoni.

"Bibi," nikamwambia, "mrudishe mtoto kwa jirani. Halafu ukohoe."