Sufuria ya Mama Kwanini

Majirani walimpa jina la Mama Kwanini, na alilistahili. Mteja akimletea gauni la kupunguza, kabla hajapimwa kiuno ataulizwa kwa nini amekonda, na akikwepa ataulizwa tena siku ya kujaribu. Mikono ya fundi huyu ilikuwa kwenye cherehani, macho na masikio yalikuwa mtaani.

Lakini swali lililomnyima raha lilikuwa la nyumbani kwake. Binti yake mkubwa alikuwa ameota meno yenye madoa ya kahawia, kama kitambaa cheupe kilichomwagikiwa chai. Watoto wa wifi yake walikunywa maji ya kisima kilekile cha mtaani, na madoa yao yalikuwa mepesi tu. Na wifi mtu hakuwahi kuchemsha maji hata kwa bahati mbaya!

"Wewe chemsha tu, wifi," alimtania. "Sisi wavivu Mungu anatuchemshia."

Mama Kwanini alicheka, lakini lilimchoma. Jiko la makaa ya pasi lilikaa pembeni ya cherehani yake, na juu yake sufuria ya maji ya kunywa ilitokota tangu asubuhi. Haikuipuliwa mpaka maji yafike nusu. Aliamini kadiri yanavyotokota ndivyo yanavyozidi kuwa salama. Sasa kitinda mimba wake ndiyo kwanza ameacha kunyonya, na alikuwa ameanza kunyweshwa maji hayohayo. Je, naye meno yake yatakuja vile? Alitaka kujua, na aliogopa kujua.

Mpima maji alipokuja mtaani kukagua visima, Mama Kwanini alimng'ang'ania kama kupe. Akampa chupa mbili, moja ya kisimani, nyingine ya sufuriani.

"Si maji ya kisima kimoja, mama? Ya nini kupima mara mbili?"

"Nipimie tu, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

Mpima maji aliporudi na majibu, safari hii mwenye maswali alikuwa yeye. "Mama, haya ya pili umeyafanyaje? Floraidi yake ni karibu mara mbili ya yale mengine!"

"Nimeyachemsha."

Mpima maji akavuta kigoda, akamweleza taratibu. Moto unaua vijidudu, lakini floraidi ni madini yanayotoka kwenye mwamba, na yakizidi hutia madoa meno ya mtoto yangali yakijijenga. Maji yanapaa na mvuke, yenyewe inabaki.

"Kama chumvi, mchuzi ukikauka," Mama Kwanini alisema polepole.

"Hivyohivyo."

Alifurahi, kama mtu aliyetegua kitendawili cha miaka. Kisha furaha ikamwishia mdomoni, maana mpishi wa mchuzi huo alikuwa yeye mwenyewe.

"Na huyu mdogo?"

"Meno yake ya ukubwani ndiyo yanajijenga sasa. Mchotee kisima cha shuleni, hakina shida hii. Yakitokota tu, ipua."

"Na yaliyokwisha kuota?"

"Hayo ndiyo basi, mama."

Binti mkubwa alikuwa kwenye mkeka akishona vifungo, na alisikia yote. Mama yake alimgeukia machozi yakimtiririka. "Nilidhani nawalinda, mwanangu."

Binti aliichomeka sindano kwenye kitambaa. Akauliza, "Mdogo wangu keshakunywa leo?"

"Bado."

Akainuka, akaipua sufuria, akayamwaga maji uani. Kisha akachukua ndoo na kushika njia ya shuleni.