Chupa Sita za Kupeleka Seven Hills

Mzee wa Seven Hills, kitongoji cha hapa Sydney, alikwisha kurudisha posa moja kabla ya yetu, na kisa kilikuwa bia za kopo. "Sikumlea binti yangu aje kuombwa kwa vitu vya bati," aliwaambia wale wa kwanza, wakaondoka na makopo yao. Sasa ilikuwa zamu ya mpwa wangu, na mjomba wa kupeleka posa nilikuwa mimi. Masharti yalikuja kwa simu, mafupi: Jumamosi saa nane mchana, mje na mbege.

Kwa asiyeijua, mbege ni pombe yetu Wachaga, ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, nzito, chachu, yenye machicha. Kule mlimani kwetu unaipata kwa jirani. Hapa Sydney tuliipika gereji kwangu, Penrith. Ndizi hazikuwa na neno. Ulezi niliununua sokoni Cabramatta, nikabishana na muuzaji mpaka akaniongezea kilo ya bure, na nadhani hiyo ya bure ndiyo iliyoota ukungu ikaharibu pipa zima. Jumamosi asubuhi nilifunua kifuniko, nikanusa, nikafunika. Nikafunua tena kuhakikisha. Harufu ilikuwa ile ile.

"Mjomba, tunafanyaje?" Mpwa wangu ana miaka thelathini na moja, anaendesha forklift ya kupakia mizigo, si mtu wa wasiwasi. Asubuhi ile alilizunguka pipa kama jeneza. "Binti mwenyewe ameshaniambia, bila baba yake kukubali hakuna ndoa."

"Tutakwenda kuomba radhi," nikamwambia. "Lakini mikono mitupu haiombi radhi. Washa gari, tukachukue asali."

Asali mke wangu huinunua kijijini huko juu milimani, nusu saa kutoka kwetu, kwenye kiduka cha vyakula visivyopigwa dawa. Ni kibanda cha mbao, viazi vina udongo wake, karoti zimepinda kila moja upande wake. Muuzaji ni mama wa makamo, hutembea na mabuti ya mvua hata jua likiwaka.

Nikiwa nangoja asali ndipo nilipoziona zile chupa. Zilipangwa rafu ya chini, zina vizibo vya bati kama vya bia, na ndani kinywaji cha rangi ya maji yaliyosuuza ndizi. Chini ya kila chupa, mashapo ya upana wa kidole. Nikaona nafasi yangu.

"Mama, hii mvinyo yako imeharibika. Utanipunguzia kiasi gani?"

Akacheka. Akasema haijaharibika, ndivyo ilivyo. Ni zabibu za bonde la jirani, za ndugu wawili wanaozikamua na kuziacha zichachuke zenyewe. Hawaongezi kitu, hawachuji. Akafungua moja aliyoiweka kwenye friji, akanimiminia kidogo.

Kwanza uchachu. Halafu tunda. Halafu gesi ndogo inayodunga ulimi, na mwishoni kitu kama chembe za unga kwenye meno. Nikasahau kudai punguzo langu, jambo ambalo halinipati dukani.

Mpwa akaonja, akanitazama. "Mjomba, hii si mbege."

"Najua."

"Na yeye atajua."

"Atajua. Lakini si ya kopo."

Bei haikushuka hata senti. Nilitoka na asali, chupa sita na kabichi ya bure, ili heshima isipotee yote. Mlangoni yule mama alisema zikae kwenye baridi, zisitikiswe, na barafu anayo, mfuko dola chache. Nikamwambia barafu ni maji. Kusema kweli sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nahesabu chupa mara ya pili.

Njiani joto lilikuwa kali. Nilizibana chupa kati ya miguu, na kila tuta mpwa aliziangalia kuliko alivyoangalia barabara.

Mzee alitungoja sebuleni na shati jeupe na tai. Kando yake mke wake. Binti jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Kata ya kibuyu ilikuwa imeshushwa ukutani, imeoshwa, iko mezani.

"Mbege iko wapi, bwana mjomba?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Nikaangalia ile kata, nikauacha wote. "Mbege imeota ukungu, mzee. Nimeleta ndugu yake."

"Ndugu wa tumbo moja, au wa kuokota?"

Nikanyanyua chupa aione. Akaitazama kwenye mwanga, akaona mashapo. Na hapo mkono wangu, uliokoroga mbege tangu utotoni kwa kuwa mbege haimiminwi machicha yakiwa chini, ukaitikisa ile chupa. Mara mbili, maana kila kitu mimi hukifanya mara mbili. Kisha nikafungua.

Ililia kama tairi lililopasuka. Povu lilifika darini, likarudi kwa mzee: tai, shati, miwani.

"Dad, are you okay?" ilitoka jikoni.

Mzee alivua miwani, akanusa mkono wa shati. Akaunusa tena.

"Fungua nyingine. Polepole."

Nilifungua kama mtu anayetoa mwiba. Kwa mila, mleta pombe ndiye anayeonja kwanza, waone haina ubaya. Nikanywa kwenye kata, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa. Akanywa tena.

"Si mbege," akasema.

"Si mbege, mzee."

"Na hawa walioitengeneza hawachuji?"

"Hawachuji."

"Watu wenye adabu." Akageukia meza. "Mmeleta ngapi?"

"Sita."

Akazihesabu kwa kidole. Akarudia. Nilijiona mwenyewe.

"Za kunyweka ni tano. Moja imenywewa na shati. Posa pungufu siipokei, bwana mjomba."

Pembeni yangu mpwa aliacha kupumua.

"Ya sita utaileta mwezi ujao, mkija kuzungumza mahari," mzee akasema. "Na ije na barafu."

Jikoni mtu alicheka, na mpwa akapumua. Nikaenda garini kuchukua asali, na niliporudi nayo nikaongeza na ile kabichi. Mama mwenye nyumba akaipokea, akaipima mkononi, akauliza niliipata kwa bei gani.