Usikanyage Maji

Watu wakisikia mimi ni baharia na nimezaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, hucheka kwanza. Kisha huuliza nilisomea wapi, kana kwamba kwetu hakuna shule. Cheti cha kidato cha nne nilikuwa nacho. Daktari alinipima macho, masikio na moyo, akaandika kwamba nafaa kwa kazi ya melini. Nilikuwa naenda kutandika vitanda vya abiria tu, lakini hata mtandika vitanda hapandi meli kabla ya kufuzu mafunzo ya usalama: kuzima moto, huduma ya kwanza na kujiokoa majini.

Moto niliuzima vizuri pale chuoni Mombasa. Shida ilikuwa kidimbwi cha kuogelea. Tulitakiwa kuruka kutoka juu tukiwa tumevaa ovaroli na jaketi la kuokolea. Wenzangu waliruka mmoja mmoja. Mimi nilifika ukingoni, miguu ikagoma.

"Dada, maji hayaumi," mkufunzi alisema. "Funga macho, uruke."

Alidhani naogopa. Sikuogopa, niliona haya, tena haya ya kunifanya nitake kulia. Nilipokuwa mdogo maji ya kunywa tuliyachota lamboni, mvua ilikokusanyika, na mama hakuwa na mzaha na mtoto aliyeingiza mguu. Ulisimama kwenye jiwe, ukanyoosha mkono na kopo lako. Ukimwuliza mbona tembo huingia mpaka kifuani, alikujibu kwamba tembo hana mama wa kumfunza, wewe unaye. Ningeyaelezaje hayo mbele ya vijana wa Mombasa waliokuwa wakinipigia makofi? Nilishuka ngazi. Mkufunzi akaniambia nirudi Jumatatu. Nisiporuka, cheti sipati, na bila cheti nafasi yangu melini inakwenda kwa mwingine.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Nilitarajia anicheke. Aliendelea kuchambua kunde zake, kisha akasema anataka kuyaona maji yenyewe. Hoteli moja mjini Voi ilitukubalia tutumie kidimbwi chake asubuhi, kabla wageni hawajaamka.

Mama alikizunguka kile kidimbwi taratibu, viatu mkononi. Aliinama, akachovya kidole, akanusa.

"Hii maji ni ya kunywa?"

"Hapana, mama. Imetiwa dawa. Ni ya kuogelea tu."

"Yote?"

"Yote."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, akajifunika uso kwa ncha ya leso. Sikujua kama analia au amekasirika. Msimu ule mahindi yetu yalikuwa yamekaukia shambani. Niliona uchungu, nikajuta kumleta.

"Nani alikuambia usikanyage maji?" akauliza mwishowe.

"Ni wewe, mama."

"Basi ni mimi nakuambia ingia. Lakini ukitoka, usijikamulie huku nje. Jikamulie humo humo."

Niliingia. Nilikunywa ile dawa yao mpaka pua ikawaka, na mama hakusogea pale kitini hadi nilipoweza kuelea.

Jumatatu niliruka, tena macho wazi. Wenzangu wawili waliokuwa wakirudia pamoja nami walitoka wakaenda zao, wakidondosha maji sakafuni mpaka mlangoni. Mimi nilichuchumaa ukingoni, nikaikamua ovaroli yangu, mkono huu, mkono ule, maji yakirudi yalikotoka.

"Unafanya nini tena wewe?" mkufunzi aliuliza akicheka. "Umefaulu! Nenda ukabadilishe nguo."

"Nakuja," nikamjibu. "Bado mguu mmoja."