Meseji za Dawa Zimebaki Bila Mtu

Msomaji wangu, tulimzika mwenzetu Jumamosi ya wiki ya juzi, kwao Mbozi, pembeni ya mibuni aliyoipanda baba yake. Alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo hapa Tunduma, mtu wa miaka arobaini na kitu. Kifua kilimbana siku nne tu, ya tano hakuamka. Mchungaji alimsifu kwa kuimba besi kwenye kwaya. Hakuna aliyesema kwamba wagonjwa wa kifua kikuu, kuanzia Mbebe kwenye baridi hadi Kamsamba kwenye joto, walikuwa wakikumbushwa dawa zao na mtu huyu. Mimi nililijua hilo, na nilinyamaza kwa aibu.

Alitengeneza programu inayomtumia mgonjwa meseji siku ya dawa inapokaribia, akaiacha huria: maandishi yake yako wazi mtandaoni, anayeweza ayasome, ayarekebishe, atumie bure. Tulikuwa watano tuliojitolea, tukikutana kwake Jumapili baada ya ibada. Jamaa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, aliandika meseji za Kibemba, mimi za Kiswahili. Nakumbuka niliandika, “Usipofika utahatarisha maisha yako.” Karani alicheka mpaka akaweka kikombe chini. “Kaka, unamwita mgonjwa au unamkamata?” Akafuta yote, akaandika, “Kesho ni siku ya dawa yako. Tunakusubiri.”

Kisha likaja shirika, kwa nia njema kabisa, likawalipa wawili kati yetu ili kazi iende haraka. Ikaenda kweli. Ila sisi wengine tulianza kuchelewa Jumapili, halafu tukaacha. Nilimwambia karani kavu, “Kama wapo wanaolipwa, si wafanye wao?” Hakukasirika. “Kaka, msibani kwenu mkimlipa mtu mmoja achimbe kaburi, wengine mtashika jembe?” Nikasema thubutu, nani ashike. “Basi ndicho kinachotokea. Lakini maiti bado yuko ndani.” Nikacheka, nikaenda zangu, na sikurudi.

Wala hakuwa mtu wa kupinga malipo. Alisema mtoto hashibi sifa, na anayefanya kazi ale. Mradi ulipoisha, wale wawili walipata ajira kwingine, na nani awalaumu? Hapo ndipo tulipotakiwa kurudi, tukatazamana. Yeye akabaki peke yake na mashine inayotuma meseji, pamoja na nywila ya kuifungulia. Mara tatu alinipigia: “Njoo nikuonyeshe mambo mawili matatu.” Mara tatu nikajibu wiki ijayo. Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mimi langu haliumi; wanaoumia wako mbali na meza yangu.

Baada ya maziko meseji ziliendelea kutoka, nami nikajidanganya kuwa mambo yako sawa. Jumanne hii akanipigia nesi wa zahanati moja ya Kamsamba. “Kaka, shikamoo. Meseji zenu zimechanganyikiwa. Wagonjwa wa mwezi ujao wameitwa leo, na wa wiki iliyopita hawakuitwa kabisa. Mama mmoja katembea toka alfajiri, nimemrudisha mikono mitupu. Nani anazirekebisha?” Nikapiga simu kwa wenzangu. Kila mmoja alidhani nywila anayo mwingine. Yule wa Nakonde alikana kwa Kibemba, “Awe, nilijua unayo wewe.” Mmoja wa waliokuwa wakilipwa ndiye aliyenieleza kuwa tarehe za programu zina kasoro ya tangu zamani, na marehemu alikuwa akizisahihisha kwa mkono kila mwezi. Maandishi yote tunayaona, kasoro tunaiona, lakini mashine imefungwa na hatuna wa kutufungulia.

Nesi sasa anafuata majina kwenye daftari, mmoja mmoja, kwa bodaboda. Amewapata wote isipokuwa baba mmoja anayeishi ng'ambo ya mto Momba. Simu yake haipatikani, na dawa zake ziliisha siku tisa zilizopita. Ninapoandika haya bodaboda aliyetumwa kwake hajarudi, na naogopa simu yangu ikilia. Tulibishana nani alipwe na nani ajitolee, tukasahau kuuliza nani mwingine anaijua kazi. Kama kanisani kwenu, shuleni au kwenye kompyuta ipo kazi ya wote iliyobebwa na mtu mmoja, awe analipwa au halipwi, nendeni mkakae naye awafundishe. Nendeni leo, angali anaweza kusema.