Kifuniko cha Zainabu

Mwanangu, hadi leo naukumbuka mlio wa kile kifuniko cha sufuria: kang'! kang'! Ilikuwa jioni moja ya miaka ile ya Ujamaa, adhana ya magharibi imekwisha punde, na nyumba yetu nzima ya Kariakoo ikatoka uani. Zainabu, binti wa wapangaji wa chumba cha mbele, alikuwa ameiona tena nyota inayotembea.

Haikuwa nyota, lakini. Redioni walisema ni chombo kilichorushwa na watu, kinaizunguka dunia. Kwetu jua limeshazama, kule juu bado linakimulika. Mtindo wa nyumba yetu ulikuwa huu: anayekiona kwanza anagonga kifuniko. Na kila mara Zainabu! Wapangaji wakamwita Macho. Mimi, shoga yake wa kula naye sahani moja, nikisikia jina hilo roho inaniuma kama nimemeza kaa la moto.

Jioni hiyo nilitaka na mimi nisifiwe. Taa fulani ilipopita angani juu ya paa la jirani, nikamnyang'anya kifuniko, nikagonga. "Ile pale!"

"Loo, tumepata Macho mwingine!" akacheka mpangaji mmoja. "Ndege hiyo, dada. Huoni inakonyeza?"

Wakaangua kicheko wote, isipokuwa Zainabu. "Njoo usimame hapa, shoga. Yetu haikonyezi, inateleza tu."

"Sitaki kufundishwa na wewe!"

Bibi yangu alikuwa anapepea jiko la mkaa. Hakuinua hata kichwa. "Mjukuu wangu, mwenzio anatazama juu. Wewe kila siku unamtazama yeye, kujua kama ameshaona. Sasa utaonaje?"

Nikanuna. Sikumsemesha tena Zainabu, mpaka wazazi wake wakahamia kijiji cha ujamaa huko Rufiji. Siku ya kuondoka alipanda lori na vyombo vyao vyote. Kifuniko akaniachia mlangoni.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: ukimwonea mwenzio wivu, mwombe akuonyeshe anaposimama. Usiyamalize macho yako kumchunga yeye. Anga lile lilitutosha sote. Mungu akupe macho ya kukiona chako, na moyo wa kukifurahia cha mwenzio angali karibu nawe.

Jioni ile ya lori nilisimama pale pale alipozoea kusimama Zainabu. Ikachomoza juu ya paa, nyeupe, kimya, haikonyezi. Uani hapakuwa na mtu. Nikagonga kifuniko mara moja, taratibu, kisha nikageuka kuutazama mlango wa chumba chao.